Mkamata Ila

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko kazi zao, palikuwa na mmoja jina lake Sultani Darweshi. Jumba lake lilikuwa limechakaa, basi akamwita Fundi Ubwa, mwashi hodari wa mji ule, alitengeneze upya. Mbele ya baraza zima Sultani akasema, "Siku nyumba yangu itakapokuwa haina ila, utachukua ujira wako na kwenda zako. Kabla ya siku hiyo, lango hili hulipiti." Fundi akakubali, maskini, maana aliijua kazi yake, ila hakumjua Sultani.

Ikawa kazi imekwisha, na Sultani akaja kukagua. Akautazama ukumbi, akasema, "Umependeza sana, ila nguzo hii kivuli chake chalala kushoto, nami napenda kulia." Fundi akaihamisha nguzo. Ijumaa iliyofuata Sultani akarudi. "Nguzo sasa nzuri, ila milango yafungika vizuri mno, hata sisikii wananisengenya nini huko nje." Fundi akaitoboa milango. Ikawa hivyo Ijumaa kwa Ijumaa. Macho ya Sultani yalikuwa makali ajabu, kwani siku atakayokosa ila ndiyo siku ya kulipa.

Mkewe fundi, Bi Mize, alikuwa akimletea chakula langoni. Siku moja akamwambia, "Baba Rukia, mwanao ameanza kutembea, na jana kamwita muuza maji baba. Na muuza maji naye kaitika!" Fundi Ubwa akalia kweli kweli, machozi yakarukia chokaa mbichi, na Ijumaa ile Sultani akasema ukuta mzuri, ila una madoa.

Maneno ya Bi Mize yalisikiwa na Machano, mtu asiyekuwa na kitu ila kanzu moja na ulimi. Roho ikamuuma. Akaazima gunia, akaingia barazani, akasujudu.

"Bwana wangu, nasikia nyumba yako imeingiliwa na ila. Mimi kazi yangu ni kukamata ila."

"Kazi hiyo nayo ipo?" akauliza Sultani.

"Wako wakamata panya, Bwana, na ila zaharibu zaidi. Lakini hazina sura, na wewe pekee ndiwe uzionaye. Wewe zitaje tu, nami nitazidaka."

Sultani akacheka moyoni, akaona amepata mjinga wa bure. "Vema. Ukizimaliza nyumbani mwangu, fundi ataondoka na ujira wake. Ukishindwa, utakaa humu pamoja naye mpaka mzeeke."

"Nimeridhia," akasema Machano.

Basi wakaanza kukagua, Sultani mbele, Waziri na baraza zima nyuma. "Sakafu hii safi," akasema Sultani, "ila yang'aa mno, nikiinama naona kidevu changu cha pili." Neno halijamtoka sawasawa, Machano akaruka, akalifungua gunia chini ya kinywa chake, akalifunga, hap! "Nimeipata, Bwana. Tuendelee."

"Dirisha hili zuri, ila laingiza mwanga wa jirani." Hap! "Ngazi nzuri, ila yapanda kuliko inavyoshuka." Hap! Kila chumba Machano akizidi kujikunja na kuhema, jasho likimtiririka, mpaka akamwomba Waziri amsaidie kubeba. Waziri akamtazama Sultani, akaogopa kusema kwamba ila za Sultani hazina uzito. Basi akashika upande wa pili, akahema naye. Kadhi akapokea, akasema moja imemng'ata kidole.

Walipomaliza vyumba vyote, Machano akalifunga gunia kwa kamba. "Bwana wangu, ila zako zote zimo humu. Nyumba haina ila. Mlipe fundi."

"Mpumbavu wewe!" Sultani akafoka. "Gunia hilo ni tupu!"

"Tupu, Bwana? Zote ulizozitaja, haimo hata moja?"

"Hata moja haimo!"

Machano akaligeukia baraza. "Mmesikia, waungwana. Kama zimo, zimekwisha kutoka nyumbani. Kama hazimo, basi hazikuwako tangu mwanzo, maana hakuna niliyoiachia. Bwana wangu achague apendavyo."

Waziri alikuwa bado anahema. Sultani akawaza huku, akawaza kule, mwisho akasema kwa shida, "Haya, nitalipa, ila..."

Hap! Safari hii aliyeruka na gunia alikuwa Waziri mwenyewe, kwa mazoea.

Sultani akamkodolea macho, kisha kicheko kikamshinda, akacheka mpaka akaketi juu ya ile sakafu, akajiona videvu vyote, akazidi kucheka. Akaamuru fundi alipwe pale pale kwa mkono wa Waziri, na Machano apewe joho la heshima, naye mwenyewe akaziba kinywa kwa kilemba asije akaongeza neno.

Fundi Ubwa hakungoja kuokota hata mwiko wake. Alipita lango mbio, akamkuta Bi Mize anakuja na bakuli la wali, amelifunika kwa kawa.

"Rudi nalo, mke wangu," akamwambia. "Leo nakula nyumbani."