Kokoto Tatu za Wakili Badawi

Hapo zamani, katika mji wa Mwambeni, alikuwapo sultani jina lake Zahoro, mwenye nia njema lakini mvivu wa kusikiliza. Kesi zilimchosha. Mtu akija kueleza jinsi alivyoibiwa kuku, huanza na harusi ya bibi yake, na kabla hajafika kwenye kuku, sultani amekwisha kusinzia. Basi akamwita wakili wake wa baraza, Badawi, mwenye ndevu zilizofukizwa udi, akamwambia, "Nitafutie njia ya kumjua shahidi wa kweli na wa uongo, na iwe njia fupi."

Badawi akafikiri siku tatu, kisha akaja na sinia la shaba na kokoto tatu.

"Maulana," akasema, "mtu aliyeona jambo kwa macho yake hulijua lote. Asiyelijua lote hakuliona. Basi mimi nitamwuliza shahidi, na kila atakaposema 'sijui', nitatupa kokoto moja katika sinia. Zikitimia tatu, shahidi huyo ni mwongo. Upande wake umeshindwa papo hapo, naye apigwe bakora kumi na kutolewa mjini kabla jua halijatua."

Sultani akafurahi sana, kwa kuwa kesi ya namna hiyo mtu aweza kuifuata hata akiwa amefumba macho. Akatangaza mbele ya watu wote, "Sheria hii haimchagui mtu. Hata mimi nikila yamini na kuketi juu ya kigoda cha mashahidi, kokoto ni hizo hizo."

Ikawa kesi zilizokuwa zikichukua wiki nzima, sasa zamalizika kabla kahawa haijapoa. Watu wakamsifu wakili. Wengine wakaacha kabisa kwenda barazani, na waliokuwa wameibiwa wakanyamaza. Sultani akaambiwa kuwa wizi umepungua.

Katika mji huo alikuwapo mchukuzi wa maji, jina lake Machano. Alikuwa na mzegazega mmoja wa kubebea mapipa yake mawili, na kanzu moja, ambayo siku ikifuliwa yeye hatoki ndani. Watu walimwona punguani, kwa sababu alifanya neno lile lile aliloambiwa. Siku moja aliambiwa alete maji mbio. Akaja mbio, na maji yote yakabaki njiani.

Na alikuwapo mjane kijana, Bi Mize, mwenye watoto pacha wa miezi mitano. Maziwa yake hayakuwatosha wote wawili. Alichokuwa nacho ni ng'ombe mmoja mwekundu, aliyeachiwa na marehemu mumewe, na kwa maziwa ya ng'ombe huyo wale watoto walikuwa wanaishi. Asubuhi moja Seyidi Nasibu, ndugu wa mke wa sultani, akaingia uani kwake, akamfungua ng'ombe, akasema, "Huyu ni wangu, alinipotea," akaenda zake naye. Machano alikuwa pale pale, anamimina maji mtungini.

Bi Mize akaenda kushitaki, lakini usiku haukupita ila alijuta. Kulipokucha akamngoja Machano langoni, mtoto mmoja mgongoni na mmoja kifuani.

"Baba Machano, leo usije barazani. Majirani wote wamekataa, nami siwalaumu. Watakupiga bure, wakutoe mjini."

"Bi Mize, nilimwona Seyidi akimfungua ng'ombe, au sikumwona?"

"Ulimwona, baba."

"Basi nitasema nilimwona."

"Na yule wakili akikuuliza mengine?"

"Mengine siyajui. Nitamwambia siyajui."

Bi Mize akafuta machozi kwa upindo wa kanga. "Ndilo ninaloliogopa," akasema.

Basi baraza likajaa. Akaitwa kwanza shahidi wa Seyidi Nasibu, naye ni mtumishi wake. Akala yamini kuwa ng'ombe amezaliwa katika zizi la bwana wake, na kwamba kamba aliyofungiwa ameisokota yeye kwa mkono wake. Wakili akamwuliza:

"Kamba hiyo ina nyuzi ngapi?"

"Saba, Bwana Wakili."

"Ng'ombe alizaliwa siku gani?"

"Jumanne, baada ya adhuhuri."

"Siku hiyo zizini kulikuwa na ng'ombe wangapi?"

"Kumi na tisa, na ndama wanne."

Hakukohoa wala hakujikuna. Sinia likabaki tupu, na watu wakatikisa vichwa, wakasema, "Huyu ndiye shahidi."

Akaitwa Machano, akavua viatu, akaketi juu ya kigoda.

"Ulimwona Seyidi Nasibu akimfungua ng'ombe?"

"Naam, nilimwona."

"Ulikuwa umesimama karibu?"

"Ningenyoosha mkono ningemshika mkia."

"Nani, Seyidi?"

"Ng'ombe, Bwana Wakili. Seyidi hana mkia."

Watu wakacheka. Wakili akanyoosha ndevu zake. "Jibu unaloulizwa. Kamba ilikuwa na nyuzi ngapi?"

"Sijui."

Kokoto ikalia katika sinia: ngo!

"Ng'ombe alipotoka, mguu upi ulitangulia kuvuka kizingiti?"

"Sijui."

Ngo!

"Seyidi alikuwa na pete ngapi vidoleni?"

Machano akafikiri. Bi Mize, kule nyuma walikoketi wanawake, akawa anaomba kimoyomoyo aseme nambari yo yote, mbili, tatu, yo yote ile. Machano akasema, "Sijui."

Ngo!

"Shahidi ni mwongo," akasema wakili. "Ng'ombe ni wa Seyidi Nasibu."

Pacha mmoja akaanza kulia, kisha wa pili. Askari wakamshika Machano mikono. Sultani, ambaye alikuwa amefumba macho, akayafumbua, akasema, "Mpelekeni. Ewe Machano, una neno la kusema kabla hujatoka mjini?"

"Ninalo, Maulana. Nina dai langu mwenyewe."

"Wadai nini?"

"Nakidai hicho kiti ulichokikalia. Ni changu."

Askari mmoja akashika upanga. Seyidi Nasibu akasema, "Huyu amechoka na shingo yake." Lakini sultani alikuwa ametangaza neno mbele ya watu, na watu wale wote walikuwapo pale wanamtazama. Tena aliona jambo lenyewe ni rahisi.

"Kiti nimekikalia miaka ishirini na miwili," akasema. "Shahidi wangu ni mimi mwenyewe." Akashuka, akala yamini, akaketi juu ya kigoda. Kigoda kilikuwa kifupi, magoti yakamfika kidevuni.

"Maulana," akasema Machano, "kiti hicho kina misumari mingapi ya shaba?"

Sultani akageuza kichwa kutazama.

"Taratibu, Maulana. Mashahidi wengine hawakuletewa ng'ombe wamtazame."

Badawi akainama haraka, akamnong'oneza sultani sikioni, "Sema ishirini na minne, Maulana."

"Wewe umeihesabu?"

"La, Maulana."

"Basi kwa nini ishirini na minne?"

"Ni nambari nzuri. Hapana mtu atakayekwenda kuhesabu."

Sultani akamtazama wakili wake. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Misumari siijui." Akanyoosha mkono, akaichukua kokoto mwenyewe, akaitupa. Ngo!

"Mguu mmoja wa kiti umetiwa kibao chini kwa kuwa ni mfupi. Mguu upi?"

"Hilo hata sikupata kuambiwa. Sijui." Ngo!

"Jana ulipoketi, ulitanguliza mguu gani kupanda?"

Sultani akaitazama miguu yake, ya kulia na ya kushoto, kama kwamba itamjibu. "Sijui," akasema, na kokoto ya tatu ikalia.

Akainuka. "Ewe Machano, na wewe waijua hiyo misumari?"

"Siijui, Maulana. Lakini kila Ijumaa naleta maji ya kuoshea baraza hili, na kila Ijumaa nakuona umekaa hapo. Nikiulizwa ni nani anayekaa, nitasema ni wewe, wala sitahitaji misumari."

Sultani akaamuru, "Mleteni ng'ombe, na kamba yake shingoni."

Akaletwa. Sultani akaishika kamba kwa mkono wake, akaifumua ncha yake, akahesabu mbele ya watu. Nyuzi zilikuwa tatu.

"Saba uliambiwa na nani?" akamwuliza yule mtumishi.

Mtumishi akapiga magoti. "Na Bwana Wakili, Maulana. Jumanne na ndama pia."

Seyidi Nasibu akaanza kutafuta viatu vyake.

Basi Bi Mize akakabidhiwa ng'ombe wake, na ndama jike kutoka zizi la Seyidi juu yake. Sultani akamgeukia Machano, akasema, "Kiti ni chako kwa sheria. Kaa."

Machano akapanda, akaketi, akajisogeza kulia na kushoto, akashuka. "Kigumu, tena chacheza. Nakurudishia, Maulana, kwa sharti moja: shahidi aulizwe alichokiona. Asipigwe kwa kile ambacho hakukiona."

"Nimekubali," akasema sultani, akacheka mpaka kilemba kikalegea. Akampa Machano kanzu mbili mpya, na Badawi akahukumiwa kuchukua maji ya baraza kwa mzegazega wa Machano siku saba.

Siku ya nane akaletwa, mabega yamevimba, ndevu hazinuki udi. Sultani akamwuliza, "Umekwenda kisimani safari ngapi?"

Badawi akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. "Sijui, Maulana," akasema, na chozi likamtoka.

"Asiyejua hakwenda," akasema sultani. "Aongezewe siku saba."

Hapo Machano akasimama, akavua viatu, akaketi juu ya kigoda bila kuitwa.

"Maulana, mimi ni shahidi wake. Safari sikuzihesabu. Lakini nilimwona, alikwenda."

Sultani akainamisha kichwa. "Mwacheni aende," akasema. Na sinia la shaba akapewa Bi Mize, awe akifunikia chungu cha maziwa.

Hekaya imefika kizingitini. Aliyeisikia aichukue, na aliyesinzia amwulize jirani yake, lakini asimhesabie maneno.