Chungu Kilichorudi Kimejaa

Sogeeni, hadithi imefika mlangoni.

Mwanamvua, mtia rangi nguo, alikuwa akimwaga masalio ya rangi mtoni. Akamwaga, akamwaga, akamwaga, hata siku moja chungu kikamponyoka, kikaenda na maji.

Jioni zimwi linalokaa kule chini, mto unakoelekea, likapiga hodi, ndevu zote buluu, limekibeba chungu kwa adabu.

“Jirani, kwetu chungu hakirudi kitupu. Karibu mchuzi.”

Mwanamvua akafunua. Samaki wafu walielea katika rangi yake mwenyewe.

“Nimeshiba, bwana.”

“Sisi maji yetu ya kunywa ndiyo haya. Kula, la sivyo nitakula wewe.”

“Nihurumie! Simwagi tena!”

Akachimba shimo, akalikandika udongo wa mfinyanzi, rangi ikakaa humo. Mto ulipotakata, akapeleka ubwabwa kule chini ndani ya chungu kile. Chungu kikarudi na kambare hai.

Ila ndevu hazikutakata. “Ziache,” likasema zimwi, “mke wangu amezipenda.”

Yangu yameishia hapo. Mwenye chungu akakioshe, mbali na mto.