Kwa Nini Kakakuona Hana Meno

Ketini vizuri, na aliye na cha kutafuna akiweke kando kwanza.

Zamani hizo Kakakuona alikuwa na meno, tena meupe, na alitembea mchana kweupe akisalimiana na kila mtu. Wanyama walilima pamoja. Baada ya mavuno kila mmoja alitoa mtama wake wa mbegu, ukatiwa wote katika kibuyu kimoja, kikaning'inizwa juu ya moto jikoni ili moshi ufukuze wadudu. Jiko lililochaguliwa lilikuwa la Kakakuona, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akidokoa.

Ukaja ukame. Jioni moja Kakakuona akateremsha kibuyu, akajiambia anaonja tu, aone kama mbegu hazijaharibika. Akalamba kidogo, akafunga. Kesho yake akaonja tena. Njaa yake haikuwa kubwa. Mizizi ya kuchimba ilikuwapo, ila ilikuwa michungu, na mtama ule uliokolea moshi ulikuwa mtamu ajabu. Kila alipofunga kibuyu aliapa kwamba sasa basi, na masikini, kila alipoapa aliamini. Kibuyu kilipoanza kuwa chepesi akatia changarawe, ili kikitikiswa kisikike kimejaa.

Kilichomuuma ni Kanga. Alikuwa akipita pale mlangoni na vifaranga wake waliokonda, nao wanakikodolea macho kibuyu. "Hapana, wanangu," Kanga huwaambia. "Hicho ni cha kupanda." Kakakuona huinama kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Mvua ikanyesha. Wote wakakusanyika shambani na majembe yao. Bi Kobe, mkubwa wao, akafungua kibuyu, akamimina kiganjani.

"Mwanangu, hizi ni nini?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Maneno yalimfika kooni kabisa. Lakini akaona wote wanamtazama, Kanga mbele yao, na aibu ikamponza. "Ni mtama, bibi," akasema. "Umekauka sana kwa moshi, ndiyo maana mgumu."

Bi Kobe hakupandisha sauti. "Basi tafuna tuone."

Akatafuna. Jino likavunjika, akalimeza, akajitia kutabasamu. Akachota tena. Hakuna aliyecheka wala aliyemzuia. Alitafuna mpaka kinywani pakabaki ufizi mtupu, na bado alikuwa akitikisa kichwa kwamba ndiyo, ni mtama.

Kanga akawakusanya vifaranga wake. "Mwacheni," akawaambia wenzake kwa upole. "Alikuwa na njaa."

Kakakuona alijua hakuwa na njaa. Matusi angeyastahimili, hata fimbo, lakini huruma ile ilimshinda. Akajikunja palepale, akaficha uso tumboni, akaufunika kwa mkia. Mwaka ule hawakupanda, na kila mnyama akaenda porini kujitafutia chake.

Na tangu siku hiyo Kakakuona hana meno. Hutoka giza likiingia, hulamba mchwa na siafu, na mpaka leo humeza changarawe. Ukikutana naye hujiviringa, asionekane uso. Watu husema anamwogopa simba. Si simba. Kila akisikia nyayo, anadhani ni Kanga anapita na wanawe.