Mguu wa Mhina Ulipozikwa

Wahenga waliposema heri nusu shari kuliko shari kamili, hawakuwa wakiisifu shari. Walijua tu kwamba iko siku mtu hapewi heri ya kuchagua, huwekewa shari mbili mbele yake akaambiwa achukue moja.

Enzi za Mwingereza, kijiji cha Magoma kilinukia mkonge mbichi, na jioni watu wa kila dini walizunguka moto mmoja wakichoma mahindi. Siku tamu zile, hazitarudi! Ndipo hapo Mwaija, mjane wa Kizigua, alipomlea mwanawe wa pekee, Mhina, mkata mkonge aliyeicheza ngoma hata wazee wakasahau viuno vyao vinauma.

Siku moja mwiba wa mkonge ulimchoma Mhina mguuni. Akabandika majani, akaenda zake ngomani. Jeraha likageuka donda ndugu, na mguu ukawa mweusi hadi karibu na goti. Lori la mkonge likamfikisha hospitali ya Korogwe, mama yake na mjomba wake wakiwa naye. Daktari Mzungu alimtazama, kisha Petro, dresa wake wa kufunga vidonda, akaeleza bila kumung'unya maneno.

"Mama, mguu ukikatwa, anaweza kufa mezani. Wengi hupona, wengine hawaponi. Usipokatwa, hataiona Ijumaa."

Mbwana, kaka yake Mwaija na mwalimu wa chuo cha Kurani, aliruka. "Haiwezekani! Mwili ni amana ya Mungu. Mguu wa Muislamu utupwe jalalani, mbwa waugugune?"

Kumpinga mjomba wa mtoto halikuwa jambo dogo, na jalala lile Mwaija naye alikuwa akiliogopa. Lakini alimsikia Mhina akigumia ndani.

"Kaka," alisema, "nyumba uliyowekewa amana ikishika moto upande mmoja, utaiacha yote iteketee? Waombe mguu wetu, tukauzike wenyewe."

Mbwana akamgeukia Petro. "Mtatupatia huo mguu?"

"Tutawapa, mwalimu."

"Basi kateni. Mungu akiuliza, nitajibu mimi."

Mguu ulirudi Magoma ndani ya sanda. Kasmiri, jirani Mkristo, alishika jembe akachimba kakaburi kando ya kaburi la baba yake Mhina. Watu wakajipanga safu kwa swala ya maiti, wengine wakianza kulia. Mbwana akawazuia.

"Mguu hauswaliwi, jamani! Mwenyewe yu hai, anakunywa uji Korogwe."

Wakacheka na machozi yakiwatoka. Mwaija hakuwapo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimnywesha huo uji.

Mhina hakucheza tena. Alijifunza kupiga ngoma, akawachezesha wengine miaka mingi, na kwa kweli Magoma haijasikia tena mkono kama ule. Mwaija alizeeka akipalilia kakaburi kale, na wajukuu walipomuuliza ni ka nani, alijibu, "Hapo nililaza mguu wa baba yenu, nikabaki naye." Heri nusu shari kuliko shari kamili.