Sura ya Nne Haing'oki

Kaskazini ya Uswidi, anayesomea udaktari wa falsafa hana siri. Wiki tatu kabla ya kutahiniwa mbele ya hadhira, hushika nyundo akakipigilia kitabu chake cha utafiti ukutani mwa chuo, apendaye asome, apendaye amsute. Ni desturi ya kale, na wenyewe hula keki chini ya kitabu hicho bila haya.

Ylva Sundelin alikuwa amebakiza siku mbili tu apigilie chake. Kwa miaka minne alikuwa amezunguka vijijini akipima maji ya visima, na sura ya nne ya kitabu chake ilionyesha kwamba visima tisa vilikuwa na sumu ya arseniki. Wenye visima alikwishawaonya kwa mdomo. Halmashauri, hata hivyo, ilishikilia kuwa haivuti bomba mpaka ione utafiti uliotolewa hadharani.

Asubuhi hiyo ikaja barua ya jarida kubwa la sayansi. Lingeichapa sura ya nne baada ya mwaka mmoja, kwa sharti kwamba isisomwe popote kabla ya hapo, na ikishatoka wasomaji wailipie. Msimamizi wake, Profesa Göte Palmkvist, alifurahi kama aliyeposewa binti.

"Ing'oe hiyo sura, upigilie zilizobaki," alimwambia. "Nani anasoma kitabu cha ukutani? Watu wanafuata keki."

"Gunvor atasoma."

"Ndiye nani tena huyo?"

"Mwenye kisima kule Storbäck. Ana miaka sabini na moja na anabeba maji kwa madumu. Maji alinipa bure, Göte, halafu nimwambie alipie kusoma habari zake?"

"Usinihutubie. Mimi mwenyewe makala yangu iko kwao na nasubiri kwa adabu. Ukilikataa jarida hilo, usije kwangu na machozi."

"Siji," Ylva akamjibu, na siku hiyo hiyo akaandika barua ya kukataa. Aliogopa, tena sana, maana kazi hupewa waliochapwa na majarida makubwa. Lakini hasira zilizidi woga.

Siku ilipofika, msumari wa kwanza ulipinda, watu wakacheka. Ylva akachukua wa pili, akaugonga mpaka kitabu kikashika ukutani, sura ya nne ikiwamo. Gunvor alikuwa amekuja kwa basi. Keki hakuigusa. Alichukua nakala mezani, akaisoma sura ile akiwa amesimama.

"Hii naruhusiwa kuwapelekea halmashauri?"

"Hata leo."

"Basi ngoja niwawahi kabla hawajaenda kunywa kahawa."

Halmashauri ikakosa pa kutokea. Ylva alifaulu mtihani wake, na kabla theluji haijaanguka Storbäck ilikuwa na maji ya bomba. Lile jarida nalo likabadilisha wahariri, na makala zote zilizokuwa zikisubiri zikarudishwa kwa wenyewe zianze upya, ya Göte ikiwa miongoni mwazo. Ylva hakumcheka. Alimmiminia kahawa tu, naye akainywa bila kumtazama usoni.

Asiyeamini na amuulize Göte: usiache mbachao kwa msala upitao.