Kinu cha Mama Hiza

Jamani, mpo?
Tupo.
Na masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo.
Basi pokeeni ngano.
Lete tupokee.

Hapo kale, watu hawajajua bado kuhesabu miezi, palikuwa na nchi ya wakulima wa mtama, na nchi nzima ilimtegemea mtu mmoja wa kuangalia jua. Jina lake Semkiwa. Kila alfajiri alikaa juu ya jiwe mbele ya mlango wake, akatazama milima miwili ya mashariki. Jua linahama, mnajua hilo? Leo linachomoza hapa, kesho pembeni kidogo. Siku likichomoza katikati, kwenye pengo la milima ile, Semkiwa alipiga ngoma, watu wakapanda, na mvua ikaja nyuma yao. Mwiko ulikuwa mmoja tu: asubuhi za kungoja jua, hakuna kutwanga mpaka litoke lote.

Watu wakampenda sana. Wakamjengea nyumba kubwa ng'ambo ya bonde, yenye baraza. Semkiwa akahama. Akahama na mke, akahama na mbuzi, akahama na vyungu. Jiwe akaliacha.

"Jiwe ni jiwe tu," alisema. "Macho si ninayo mwenyewe?"

Wewe unayecheka pale nyuma, ngoja kwanza. Hujafika pa kuchekea, na ukifika hutacheka.

Msimu ukaja. Semkiwa kakaa barazani, akaona jua limeingia kwenye pengo. Akapiga ngoma, watu wakapanda. Wakangoja mvua, kimya. Wakangoja, vumbi. Wakangoja, ndege wakazifukua mbegu mpaka ya mwisho.

Watu wakamjia. "Baba Semkiwa, imekuwaje?"

Yeye hakujua. Lakini alikuwa amezoea kujua, na neno "sijui" hakulizoea. Akakumbuka kwamba asubuhi ile alisikia kinu.

"Kuna mtu alitwanga," akasema. "Jua limechukia."

Aliyetwanga alikuwa Mama Hiza, mjane aliyekuwa akiuguza mjukuu. Hakukataa. "Mtoto alikuwa analia njaa," alisema. Wakamnyang'anya kinu. Wakamnyima moto. Wakamnyima salamu. Akifika kisimani, wenzake wanainamia mitungi yao mpaka aondoke.

Siku zikapita. Asubuhi moja Semkiwa alikwenda kwenye nyumba yake ya zamani kumtafuta mbuzi aliyepotea. Mwiba ukamchoma mguuni, akakaa juu ya lile jiwe lake auchomoe. Alipoinua uso, jua lilikuwa linachomoza katikati ya pengo, na nyuma ya milima mawingu yametanda.

Mwiba akausahau. Hebu nawe simama kushoto mwa mlango wako uchungulie, utaona kitanda. Simama kulia, utaona jiko. Nyumba si ile ile? Kumbe kule barazani alilitazama pengo kwa upande, akadhani jua limefika wakati lilikuwa bado njiani. Jua halikukosea. Kinu hakikukosea. "Ni mimi," alisema, na uso ukamwaka moto kwa aibu, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona.

Mbegu za akiba zilikuwa bado darini. Zipandwe leo, au watu wafe njaa. Semkiwa akarudi mbio, akapiga ngoma. Mnadhani alisema kweli? Thubutu.

"Nimeliomba jua," aliwaambia. "Limetusamehe. Pandeni leo."

Watu wakashangilia. Wakamletea kuku, akapokea. Wakamletea asali, akapokea. Mara umati ukaachia njia, na Mama Hiza akaja, amekonda, nguo inampwaya. Akapiga magoti mbele yake.

"Ahsante kwa kuniombea, baba," akasema. "Nilishaanza kujiona mchawi. Hata uji wa mtoto nilikuwa naogopa kuukoroga."

Hapo Semkiwa akashindwa. Asali ikamponyoka mkononi. Alitaka ardhi ipasuke immeze, na ardhi haikupasuka.

"Inuka, mama," akasema. "Usinipigie magoti, hujakosa kitu. Nilihama nikaacha jiwe, nikaliona jua pasipo pake. Nilipoulizwa, niliona haya kusema sijui, nikakutwika wewe kosa langu. Na leo nimedanganya tena, mbele yenu wote."

Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Mama Hiza akainuka, akapangusa vumbi magotini.

"Na kinu changu kiko wapi?" akauliza.

Kilikuwa pale pale barazani. Semkiwa alikuwa amekipindua, ndicho anachokalia kila asubuhi akitazama jua. Watu wote wakakitazama, kisha wakamtazama yeye. Akakibeba begani, akashuka bonde, akapanda ng'ambo ya pili mpaka mlangoni kwa mama yule. Hakuna aliyempokea mzigo.

Mtama ukaota mwaka ule. Watu wakalichimbia lile jiwe chini, asiweze mtu kulihamisha. Wakalikalia kwa zamu, wake kwa waume, kila mmoja akisema alichokiona, na asiyeona akisema sikuona. Ndivyo watu walivyoanza kulijua anga.

Mwiko wakauondoa. Ngoma nayo wakaiacha. Jua likiingia kwenye pengo, anayetoa habari ni Mama Hiza. Anatwanga, na nchi nzima inachukua majembe. Semkiwa naye huchukua lake akaenda shamba na wenzake, lakini akisikia pigo la kwanza la mchi, huinamisha uso mpaka la mwisho.

Ngano yangu naitua hapa.
Tumeipokea.
Mkiibeba, ibebeni yote.
Na jiwe je?
Jiwe liacheni pale pale.