Nyumba Isiyopikiwa

Ukiifuata njia ya mchanga kutoka Msimbati kuelekea mdomo wa Mto Ruvuma, utaiona nyumba pana ya udongo imekaa katikati ya mikorosho. Kuta zake ni nene, hata ukiziegemea wakati wa jua kali mgongo hupoa. Paa lake la makuti limeinuliwa juu kidogo ili upepo wa bahari upite. Ndani hamna kiti wala meza, ni mikeka tu. Hiyo ni nyumba ya kutulia. Watu hutoka mbali, wakakaa humo wamefumba macho bila kusema na mtu, wakipumzisha mioyo iliyochoka.

Mwenye nyumba aliitwa Marlene, mwanamke wa makamo ambaye wazazi wake walivuka mto kutoka Msumbiji. Hakutaka saruji wala bati.

"Bati jua likiwaka linakuwa kikaango, mvua ikinyesha linakuwa ngoma," alisema. "Nani atatulia ndani ya ngoma? Nijengeeni kwa vitu vya hapahapa, ambavyo vikichakaa vitarudi ardhini."

Kazi hiyo aliishika fundi Kassimu, na mkewe Somoe akawaongoza kina mama waliokandika kuta. Marlene aliwapa ahadi mbele ya watu: nyumba ikisimama vizuri, wangepewa wajenge na vibanda sita vya kulala wageni. Ikimsumbua, angeita kampuni ya mjini imwage zege. Mwaka huo mikorosho ilikuwa imezaa kwa uchoyo, kwa hiyo vibanda hivyo ndivyo vilivyokuwa tegemeo la nyumba nzima ya Kassimu.

Kassimu alikuwa fundi hodari, lakini mdomo wake haukujua kupumzika. Alipomaliza kuezeka, alisimama katikati ya nyumba akaonyesha juu.

"Dada Marlene, tazama mianzi ilivyo myeupe! Nyumba hii imevaa kanzu ya Idi. Na mwanzi wangu mdudu haugusi. Kwa marehemu baba upo mpaka leo, tangu mimi sijaota ndevu."

Miezi ikapita. Siku moja Somoe alikuwa akifagia pamoja na kina mama wale, akainama na kuchota kitu kwa kidole.

"Baba Nuru, huu unga unatoka wapi? Nikifagia leo, kesho naukuta tena."

"Vumbi la makuti mapya hilo, mama Nuru. Makuti mapya ni kama bwana harusi, lazima yajipake poda!"

Kina mama wakacheka hadi wakashika mbavu, na swali likapotelea katika kicheko.

Wageni wa kwanza walipofika, Marlene alimwita Kassimu. "Fundi, mpishi huonja mchuzi wake. Kesho asubuhi ukae kimya pamoja na wageni."

Somoe akapiga kofi. "Huyu? Anyamaze? Dada Marlene, utaniachia ujane! Hata usingizini anasimulia."

"Nitanyamaza mpaka mniombe radhi," Kassimu akajibu kwa kiburi.

Asubuhi Marlene aligonga kengele ndogo, na nyumba ikatulia kama maji ya mtungini. Mwanzoni ulimi ulimwasha Kassimu kama uliopakwa upupu. Alimeza mate, akajikuna goti. Kidogo kidogo akaanza kusikia vitu: mawimbi ya mbali, jogoo wa jirani, pumzi zake mwenyewe. Kisha akasikia kitu juu ya kichwa chake.

Krr. Krr. Krr.

Hakuna mtoto wa Mtwara asiyeujua mlio ule. Ni dumuzi, mdudu anayeyasaga makopa ya muhogo ghalani mpaka yakabaki unga. Lakini hapa hapakuwa na makopa. Kassimu alifumbua jicho moja. Unga mwembamba ulikuwa ukidondoka kutoka kwenye mtambaapanya, lile fungu la mianzi lililobeba paa, ukitua begani kwa Bibi Veronika, mwalimu mstaafu kutoka Songea.

Ndipo akatambua kosa lake. Kwa baba yake mianzi ilikuwa myeusi tititi kwa masizi, kwa sababu chini yake palipikwa kila siku, na moshi ulimfukuza dumuzi. Katika nyumba hii hapakuwahi kupikwa hata uji. Weupe ule aliojisifia ndio uliomkaribisha mdudu.

Akisema, vibanda sita vimekwenda. Akinyamaza, wageni wakishaondoka angeweza kurudi chinichini akabadilisha mianzi, na nani angejua? Alimtazama Bibi Veronika, aliyekuwa akipumua taratibu kama mtoto aliyeshiba. Kassimu akasimama.

"Jamani, niwieni radhi. Tokeni nje polepole. Msiguse nguzo."

"Nilijua tu ulimi utamshinda!" Somoe alisema kutoka mlangoni. Lakini alipouona uso wa mumewe, utani ukamkauka, akaingia na kumshika mkono Bibi Veronika.

Chini ya mikorosho Kassimu alieleza yote. "Kosa ni langu, dada. Nimejenga kama tunavyojenga kwetu, nikasahau kwamba kwetu tunapika ndani."

Kassimu akawaita mafundi wenzake, wakaliegemeza paa kwa magogo, wakapanda juu. Alipolegeza kamba moja tu, mtambaapanya ulikatika, ukaanguka pwaa! na rundo la makuti, juu ya mkeka aliokalia Bibi Veronika.

Marlene alimgeukia bibi.

"Mzima, bibi?"

"Mimi mzima, mwanangu. Mkeka ndio marehemu."

Kicheko kikawatoka wote, kile cha watu waliokoswakoswa na mauti. Marlene akashusha pumzi ndefu.

"Fundi, wadudu hawa wana dawa?"

"Wanayo. Mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayobabua ngozi. Mwanzi ukipakwa hayo, dumuzi hausogelei. Halafu nyumba ifukizwe kwa makumbi ya nazi wageni wasipokuwapo."

"Basi tengeneza hapa, kisha uanze vibanda vyangu. Zege likiugua halina wa kuja kuniambia. Wewe umeniambia."

Somoe alikaa chini mchangani kwa furaha. "Alhamdulillahi," alisema. "Na kila kibanda kikiisha, dada, tumfungie humo mume wangu siku nzima, asikilize!"

Kassimu alifungua kinywa ajibu, akakifumba, akatabasamu. Maneno yake mengi yalikuwa yameufunika mlio wa hatari kwa miezi, na kimya cha asubuhi moja kikaufichua na kuokoa roho za watu. Kwa hakika, kimya kingi kina mshindo mkuu.